Bembea kongwe: kuilipua au kuitunza?

Video ya Kingda Ka, bembea kubwa ya Marekani, ikilipuliwa imerudi tena kwenye magrupu ya watu wa Tanga, na kama kawaida watu wakagawanyika. Kambi moja inasema chuma kikichoka kinakwenda skrepa, mjadala wa nini. Kambi ya pili inalalamika kwamba wenzetu wana hela zote zile alafu wanatia baruti kwenye historia yao, huku sisi kila siku tunaambiwa tutunze magofu. Mi naona kambi zote mbili zina kitu, ila swali lenyewe wameliuliza vibaya.

Kwa ambaye hakuiona, Kingda Ka ilikuwa rola kosta, yani bembea ya treni inayopanda na kushuka kwa kasi juu ya reli, huko New Jersey, Marekani. Ilifunguliwa 2005 ikiwa na urefu wa kwenda juu mita 139, hakukuwa na ndefu kuliko hiyo duniani, na ilikuwa inakurusha mpaka kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde chache tu, mota za haidroliki zinavuta waya wa chuma na waya unavuta treni. Novemba 2024 ikafungwa, Februari 2025 chini. Haikufika hata miaka 20, yani waja leo waondoka leo ya kweli kabisa.

Wanaotetea kuvunja wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Mashine ya namna ile haikosi spana, kila treni inaporushwa waya unabeba mzigo mkubwa, na siku za kusimama kwa matengenezo zilikuwa nyingi. Bima inalipwa, mafundi wanalipwa, kiwanja kimekaliwa. Alafu sio kila cha zamani kilikuwa kizuri jamani. Coney Island, New York, mwaka 1895 kulikuwa na rola kosta inaitwa Flip Flap, ya kupinduka kichwa chini, na kile kitanzi chake walikitengeneza duara kamili, sasa behewa likiingia kwenye duara la hivo kwa kasi uzito unakushukia ghafla, watu wakawa wanatoka na shingo zinauma. Ikafa 1902. Vitanzi vya rola kosta za siku hizi havina ule uduara, vina umbo la tone la maji limesimama, kuanzia Revolution ya California mwaka 1976, na hiyo Revolution inabeba watu mpaka leo. Sasa Flip Flap ungeitunza ili iweje? Mchoro wake unatosha, wanafunzi wajifunze kosa.

Ila kuna jambo wavunjaji hawalisemi. Mara nyingi kinachoamua kipi kivunjwe na kipi kibaki ni mfuko wa mwenye mali, ubora unakuja nyuma huko. Gurudumu la kwanza kabisa la Ferris, lile gurudumu kubwa linalozungusha watu juu wakiwa kwenye vibanda, lilisimama Chicago, Marekani, 1893, mwaka uleule Wajerumani walioanza kujenga reli hapa Tanga. Lilikuwa na urefu wa mita 80, vibanda 36, kila kimoja watu mpaka 60, ajabu ya dunia ya wakati ule. Likahamishwa, likapelekwa kwenye maonesho ya St. Louis 1904, na 1906 likapigwa baruti likauzwa chuma chakavu. Sasa angalia la Vienna, Austria, limejengwa 1897, kimo karibu mita 65. Mwaka 1916 kibali cha kulibomoa kilishatoka, likaponea kwa sababu pesa ya kubomolea haikuwepo! 1944 likaungua kwenye vita, wakalirudishia na nusu ya vibanda, 15 badala ya 30, na leo huwezi kuitaja Vienna bila gurudumu lile.

Hapa ndo napowaambia wenzangu wa kambi ya pili wasijisifu sana. Nyumba ngapi za zamani hapa mjini zimesimama kwa sababu tunazipenda, na ngapi zimesimama kwa sababu wenyewe hawajapata hela ya kupandisha ghorofa? Ukata ni mlinzi mzuri sana, shida yake hatengenezi paa.

Na kutunza kwenyewe kukoje? Ukiiacha isimame bila kufanya kazi, mi nahesabu umetunza nusu. Pale pale Coney Island kuna mnara wa zaidi ya mita 70, watu walikuwa wanapandishwa juu wamekaa kwenye viti alafu wanashuka na mwavuli wa parachuti. Ulitengenezwa kwa maonesho ya 1939, ukahamia ufukweni 1941, miaka ya sitini ukaacha kushusha watu. Bado upo, unawashwa taa usiku, unapendeza, lakini mtoto wa leo hawezi kujua babu yake alisikia nini tumboni. Linganisha na ile rola kosta ya mbao ya Melbourne, ya 1912, inatembea hadi leo na mtu wa breki anasimama katikati ya mabehewa, anavuta na kuachia kwa mkono. Pale kinachotunzwa sio mbao tu, ni kazi ya yule mtu, maana bila kumfundisha mwingine inapotea. Au Leap-The-Dips ya Pennsylvania, ya 1902, kongwe kuliko zote zilizobaki. Ilifungwa 1985, ikakarabatiwa na kurudi kazini 1999. Ile haina magurudumu ya chini ya reli, ujanja huo ulipewa hati miliki 1919, kwa hiyo behewa linashikwa na uzito wake lenyewe na kwenye kila kilima linainuka kidogo. Hicho kitu huwezi kukielewa kwenye picha, lazima ukae.

Najua atakuja mtu aseme mbao zimebadilishwa karibu zote, kwa hiyo sio ileile, mnadanganyana. Aende Sahare, hapa hapa Tanga, akaangalie mafundi wa majahazi. Jahazi ubao ukioza unang'olewa, unapigwa mwingine, kalafati inatiwa upya, na hakuna mvuvi anayekwambia kile sio chombo cha marehemu baba yake.

Kwahiyo msimamo wangu: inayoweza kuendeshwa kwa usalama na ina namna yake ambayo mpya hazina, itunzwe ikiwa inazunguka, hata ikila hela. Kingda Ka, kusema ukweli, mi ningeivunja, mrefu wa leo anapitwa kesho na urefu ndo lilikuwa jina lake lote. Na huku kwetu bembea za Idd, zile za kusukumwa kwa mkono, mafundi wake wanazeeka na chuma chake kikichakaa kinaishia kuwa mageti. Hakuna aliyezichora wala kuzipima. Kwa hizo kuanza sio lazima upate mfadhili, futi kamba, daftari na mzee mmoja aliyewahi kuzichomelea vinatosha.