Msimzulie Cheshire toba

Juzi nilikuwa kwenye harambee ya kuchangia watoto wenye ulemavu, mgeni wa heshima akasimama kutusimulia habari za Leonard Cheshire, rubani Mwingereza wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwamba ndiye aliyeangusha bomu la atomiki la Nagasaki, Japani, akaona alichokifanya, akatubu, ndipo akaanza kufungua nyumba za kulea wagonjwa. Watu wakapiga makofi. Mimi hasira zilinipanda, na hadi leo hazijashuka.

Bomu lile hakuliangusha yeye. Rubani wa ndege iliyolibeba tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa Mmarekani, Charles Sweeney. Cheshire alitumwa na Uingereza kama mtazamaji, na ndege aliyopanda ikapotezana na nyingine, akaishia kuliona wingu kwa mbali. Wala hakutubu. Alishikilia kwamba bomu lile lilimaliza vita na kuokoa roho nyingi. Nampinga kabisa katika hilo, lakini ndivyo alivyoamini, na si haki kumlisha maneno sasa hivi akiwa kaburini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hadithi ya toba inamfuta mtu mwenyewe. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, askari wa angani wapatao 125,000 walihudumu na 55,573 waliuawa. Cheshire alikwenda kupiga mabomu mara 100. Mwaka 1943 alikuwa na cheo kikubwa na kituo chake cha kuongoza, angeweza kumalizia vita ofisini. Akakubali kushushwa cheo ili arudi angani, akapewa kuongoza kikosi kidogo cha ndege za mabomu, cha namba 617.

Februari 1944 wakatumwa Limoges, Ufaransa, kukipiga kiwanda cha Gnome et Rhône kilichokuwa kikiwatengenezea Wajerumani injini za ndege. Ndani kulikuwa na wafanyakazi wa zamu ya usiku, Wafaransa, wengi wao wanawake. Cheshire akaishusha ndege yake ya Lancaster, dude la injini nne, akapita nalo juu ya mapaa kwa kishindo bila kuangusha kitu. Akazunguka, akapita tena. Akazunguka, akapita mara ya tatu, na kila mzunguko ulikuwa unawapa wenye bunduki muda wa kumlenga. Wale wanawake wakaelewa, wakatoka mbio. Mara ya nne ndipo akaangusha mabomu ya moto ya kuonyesha shabaha, na wenzake wakakisambaratisha kiwanda.

Miji ya Ujerumani haikupata onyo kama hilo. Köln na Berlin alizipiga kama wengine walivyozipiga, na waliokufa huko walikuwa na watoto pia. Hilo nalikubali, ingawa kwa shingo upande.

Vita vilipokwisha alibaki na jumba kubwa la Le Court, kule Hampshire, na madeni yaliyomkaba. Mwaka 1948 akapata habari za Arthur Dykes, mgonjwa wa saratani ambaye hospitali ilikuwa haina tena la kumfanyia na hakuwa na pa kwenda. Akamchukua. Uuguzi hakuusomea, lakini alimwogesha mwenyewe, akamlisha, akambadilishia shuka, akakesha naye usiku. Dykes alifariki Agosti mwaka huo, na wagonjwa wengine wakawa wanaletwa. Nyumba za Cheshire zenye jina lake, ikiwemo ya wazee Kariobangi, Nairobi, na ya watoto Katalemwa kule Kampala, zinatokana na kitanda cha Dykes.

Kuhusu Nagasaki ningependa kubishana naye hadi asubuhi. Ila nibishane na Cheshire aliyeishi, aliyeyaamini aliyoyaamini na bado akamfulia Dykes shuka.