Baba aende nyumba ya wazee, au abaki kihambani na dada wa kazi?

Kikao kilikuwa tarehe 27 Desemba, kihambani kwetu Kibosho, Moshi, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo lenye nyumba ya wazazi. Kwa Wachagga, wiki ile kati ya Krismasi na mwaka mpya ndiyo bunge la ukoo. Mipaka ya mashamba, mahari, makaburi ya kujengea, vyote husubiri watu wapande kutoka Dar, Mwanza na Arusha. Safari hii ajenda ilikuwa Baba. Ana miaka 84, Mama alifariki miaka tisa iliyopita, na mwezi Oktoba jirani alimkuta saa tisa usiku amesimama ndani ya mfereji, maji yamefika magotini, anatafuta majani ya ng'ombe. Mdogo wangu wa kike akathubutu kulisema: kwa nini asiende kwenye nyumba ya wazee, hata kwa miezi michache? Kaka mkubwa akaiweka chini kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. "Meku, yaani mzee wetu, haendi kambini na ana watoto sita." Mjadala ukafungwa. Nyama ikaendelea kukatwa.

Nimelibeba jibu lile hadi Arusha ninakoishi, na bado ninalo. Siwezi kusema kaka alikosea. Siwezi kusema alipatia pia.

Tuanze na hilo neno, kambi. Halikutoka hewani. Baadhi ya makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Bukumbi kule Misungwi, yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, watu waliotengwa na vijiji vyao. Kizazi cha baba yangu kilikua kikijua kwamba anayepelekwa huko ni yule ambaye dunia imemmaliza. Hata leo makazi ya serikali, likiwamo la Njoro kule Moshi mjini, yamekusudiwa wazee wasio na ndugu wala uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na kumweka kwenye makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo Njoro haimhusu mwenye watoto sita wenye kazi. Kinachozungumzwa kwenye vikao kama chetu ni kitu kingine: nyumba chache za watu binafsi na za mashirika ya dini, zenye wahudumu wa zamu, zinazolipiwa na familia. Lakini kaka akisikia "nyumba ya wazee" anaona kambi, na wajumbe wa kikao wanaona anachokiona yeye. Hapo ndipo mazungumzo hufa kabla hayajaanza.

Sasa upande wa kihamba, maana ndio wenye nguvu kwetu.

Mila ya Kichagga ilikuwa na mpango wake wa uzee, tena mpango wa kisheria kabisa. Mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, na kwa kupewa hicho hubeba wazazi hadi kaburini. Hayakuwa mapenzi matupu, yalikuwa makubaliano. Mzee alilala mita kumi kutoka kwenye migomba aliyoipanda na hatua chache kutoka makaburi ya baba zake. Ng'ombe bandani alimpa kazi ya kufanya hata miguu ilipochoka: kuuliza kama majani yameletwa, kugomba kama hayajaletwa. Baba yangu husahau jina langu siku mbili kati ya tatu, lakini saa kumi na moja alfajiri, ng'ombe akilia, anajua yuko wapi. Sijui nyumba gani ya wazee itampa hilo.

Kuna pia jumuiya, majirani zake wa kanisa. Jumamosi asubuhi wanajumuiya wakifika kusali kwake, Baba anaitikia rozari kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno. Wale watu wamemjua akiwa mwashi aliyewajengea misingi ya nyumba zao. Kwao si mgonjwa namba fulani kitandani. Anayepuuza jambo hili na kuliita hisia za kijijini hajawahi kukaa na mzee anayepotea taratibu.

Lakini, na hapa ndipo ninapoachana na kaka, kihamba anachokitetea si kile kilichopo. Yeye anatetea kihamba cha mwaka 1985, chenye Mama, shangazi wawili, na watoto wanaotumwa huku na huku. Kitinda mimba wetu, mrithi halali wa ile nyumba, anauza vipuri Kariakoo. Anakuja Krismasi na Pasaka. Aliyebaki na Baba ni wifi yangu, mke wa kitinda mimba, mwenye watoto wawili wadogo, pamoja na dada wa kazi wa miaka 19 kutoka Singida. Basi. Hiyo ndiyo "familia" inayotajwa kwenye sera na kwenye vikao. Wanawake wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa katika nyumba ile.

Nilikaa chini na kalamu. Wiki ina saa 168. Mzee anayeamka usiku na kufungua milango anahitaji jicho katika saa zote hizo. Sheria yetu ya ajira inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, maana yake kazi ya kumtazama Baba ni ya watu karibu wanne. Sisi tunaifanyisha na dada mmoja, ambaye pia anafua, anapika na kukata majani. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kama kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Tulijiona wakarimu kwa kumpa 80,000. Kisha mzee anapatikana mferejini na tunauliza, kwa sauti ya juu, dada alikuwa wapi. Alikuwa amelala! Saa tisa usiku!

Wala tusijidanganye kwamba hili la Baba ni "uzee tu", kama wanavyosema majirani. Watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, hapo jirani yetu, mwaka 2009 na 2010, wakapima watu wa miaka 70 na zaidi. Walikuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Si ugonjwa wa Wazungu waliokosa ndugu. Uko kwenye migomba yetu, na haujali mzee ana watoto wangapi. Anayeuguza ugonjwa huu anahitaji ujuzi: namna ya kumjibu anayemtafuta mke aliyekufa, namna ya kumlisha asipaliwe, na akishafika hatua ya kulala tu, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Wifi hakufundishwa na mtu. Mimi pia.

Januari dada wa kazi akaomba ruhusa ya kwenda kwao wiki tatu. Wifi akanipigia simu, sauti yake haikuwa ya kuomba. Alisema, "Wifi, safari hii siwezi." Tukampeleka Baba kwenye nyumba moja ya kulelea wazee pembeni mwa mji wa Moshi, mimi na mdogo wangu, bila kumwambia kaka mkubwa hadi siku ya tatu. Naandika hivyo ili msomaji ajue nimeshachafua mikono.

Ilikuwaje? Ilikuwa nzuri na mbaya kwa wakati mmoja. Vyoo vilikuwa na vyuma vya kushikilia, kitu ambacho miaka yote hatukuwahi kumfungia Baba nyumbani, wakati chuma chenyewe unakipata dukani kwa bei ya mifuko miwili ya saruji. Muuguzi aliona kidonda kwenye kisigino ambacho sisi hatukukiona, akakitibu kikapona. Dawa za presha zilitolewa kwa saa. Usiku kulikuwa na mtu macho, mwenye zamu yake, ambaye asubuhi alikwenda kulala kwake. Ada ya wiki tatu ilizidi mshahara wa miezi minne wa dada wa kazi, na nilipoiangalia ile hesabu yangu ya saa 168 niliona kwamba si wao walio ghali. Ni sisi tuliokuwa tunapata matunzo kwa bei ya kutupa, na tofauti alikuwa anailipa wifi kwa mgongo wake.

Ubaya nao haukuwa mdogo. Siku ya nne nilipofika, mhudumu aliniambia mzee ni msumbufu kidogo, mchana kutwa anamwita mtu anayeitwa Mringa. "Ni mtoto wake?" Nikashika mdomo. Mringa ni maji. Kiswahili cha Baba kinaondoka kwanza, kwa sababu alijifunza shuleni. Kichagga alichonyonya kwa mama yake ndicho kinachobaki. Kwa hiyo mwanamume aliyejenga nusu ya kata alikaa nyumba yenye bomba kila chumba akiomba maji, na watu wema, tena wema kweli, wakimpa pole na kumwambia Mringa atakuja. Nililia ndani ya gari. Kisha nikarudi ndani nikaomba karatasi, nikaandika maneno kumi na moja ya Kichagga na maana zake, mhudumu akaibandika ukutani juu ya kitanda. Wiki iliyofuata walikuwa wameongeza matatu kwa mwandiko wao, wameuliza mzee wa chumba cha pili anayetoka Uru, Mchagga mwenzake.

Hoja ya lugha, kwa maoni yangu, ndiyo nzito kuliko zote dhidi ya nyumba hizi, kuliko hata aibu. Nayo sijaisikia ikitajwa kikaoni hata mara moja. Kikaoni husikika "watu watasema nini".

Watu husema, kweli. Tena hawasemi juu ya upendo, wanasema juu ya ardhi. Mzee akitolewa kihambani, jambo la kwanza linalonong'onwa kilabuni ni kwamba watoto wanataka kuuza. Na minong'ono hiyo haikosi mantiki, maana kihamba kisicho na mtu ndani yake huliwa na mipaka ya majirani kidogo kidogo, mgomba mmoja kila masika. Kaka mkubwa anajua hilo. Nashuku kwamba sehemu ya msimamo wake ni kumtumia Baba kama mlinzi wa shamba, ingawa akisoma hapa atakasirika. Lakini mashaka hayo yanageuka pia: anayeng'ang'ania mzee abaki naye hutuhumiwa kula hela za kahawa na michango ya kundi la WhatsApp. Wifi ameshasikia hayo, na hajawahi kuonyeshwa hati yoyote yenye jina lake.

Niseme neno hapa kama binti. Kwenye mgawanyo wa kihamba sisi mabinti hatukuwemo, na hatukulalamika. Kwenye mgawanyo wa kuuguza tumo sote, pamoja na wake za kaka zetu. Methali tunayoimba kwenye kila sherehe ni ya kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Ya kulea mzazi mwenye miaka 84 anayekukojolea mikononi sijaisikia, labda kwa sababu waliotunga hawakuwa wao waliokuwa wanafua. Wanaume wa ukoo wetu wanaosema "hatumpeleki popote" wanasema kweli kwa maana moja: wao binafsi hawatalazimika kumpeleka hata chooni.

Kwa hiyo ninasimama wapi? Kwa mzee ambaye bado anatembea, bado anajua sauti ya ng'ombe wake na rozari yake, kihamba kinamshinda mpinzani yeyote, lakini kwa sharti kwamba kilipiwe kama matunzo na si kama msaada wa jamaa. Maana yake wahudumu wawili wanaopokezana, mmoja wao awe anaongea Kichagga, vyuma chooni, komeo juu ya mlango, na wifi apate siku zake. Wiki tatu za nyumba ya wazee, mara mbili kwa mwaka, ziwe sehemu ya mpango huo ili walio nyumbani wapumue. Asiwe anapelekwa tu wakati mambo yameshaharibika, maana mzee aliyepelekwa kwa dharura hufika kama mzigo ulioshushwa. Anayetafuta nyumba kama hiyo Moshi au Arusha afike bila kutoa taarifa, saa ya chakula cha jioni, aone nani analisha nani. Aombe kuona kibali. Aulize usiku kuna watu wangapi macho kwa wazee wangapi, na kama kuna anayejua lugha ya mzee wake.

Mzee akishalala kitandani asiweze kugeuka mwenyewe, hesabu yangu inabadilika. Hapo ng'ombe hamsaidii tena, na kidonda cha mgongoni hakijui kama kiko Kibosho au Moshi mjini. Ningemtaka mahali penye muuguzi wa usiku, karibu kiasi kwamba jumuiya inaweza kukodi Noah moja Jumamosi ikamfikia.

Nimeyaandika haya kwenye kundi la familia, pamoja na hesabu ya nani atoe kiasi gani. Mrithi wa kihamba nimempangia nusu. Mdogo wangu amejibu kwa mikono miwili iliyofumbatwa. Kitinda mimba ameandika "tutaongea". Wifi, ambaye hayumo kwenye kundi kwa sababu kundi ni la watoto wa meku, nimemtumia pembeni. Kwa kaka mkubwa ujumbe una tiki mbili za bluu tangu Jumanne.