Reli ya Nachingwea: kuifunga naelewa, kung'oa vyuma ndo sielewi

Vijana wengi wa kusini ukiwaambia treni ilikuwa inafika Nachingwea wanabisha kabisa. Ilifika, na iliyoileta ni karanga. Waingereza baada ya vita walikuwa na shida ya mafuta ya kula, wakaja na ule mradi wa 1947 wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na huku kwetu wakaanza bandari Mtwara na reli ya kuingia bara hata kabla hawajajua kama karanga zitakubali. Mwaka 1949 treni ikaanza kutoka Mkwaya, pale Lindi. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, paundi kama milioni 36 zimeteketea, halafu reli ikabaki inatafuta mzigo.

Ikaja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 60, vyuma vikang'olewa. Sasa waliofunga siwezi kuwalaumu sana jamani. Reli yenyewe ilikuwa kisiwa, haijaungana na reli ya kati wala ya Tanga, kichwa kikiharibika hakuna pa kuazima, na nchi ndo kwanza imepata Uhuru haina hela ya kulisha treni inayotembea nusu tupu.

Ila angalia kilichofuata. Msimu wa 1973/74 korosho zilifika tani 145,000 hivi nchi nzima, na nyingi zilitoka huku huku kusini. Kwa lori la tani kumi hizo zote ni safari 14,500, na nyingi ni za huku, kwenye barabara za vumbi ambazo mvua ikianza lori linazama mpaka ekseli na magunia yanashushwa moja moja kwa mgongo. Wangeacha tu vyuma vimelala kwenye tuta, miaka kumi baadaye mzigo ulikuwepo.

Mwenzangu mmoja ananiambia korosho ni mzigo wa miezi mitatu minne, treni itakula nini miezi iliyobaki? Hapo ana pointi, na ndo maana hii reli mpya inayoongelewa ya Mtwara hadi Mbamba Bay inategemea makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, kule Ludewa. Mimi mtu wa kusini naitaka hiyo reli kuliko mtu yeyote, lakini naomba mgodi utangulie, tuone mzigo umerundikana juu ya ardhi, ndo mataruma yaanze kutandikwa.