Nafasi ya nane: meneja wa timu ya programu aijue kazi, au awajue watu tu?

Chama cha msingi cha tumbaku kule Kaliua au Urambo, mkoani Tabora, kinapotaka mfumo wa kupima na kulipa, au SACCOS ya Kigoma mjini inapoajiri vijana wanne wa kuiandikia programu, suala la nani awasimamie huwa halili muda wa kikao. Atafutwe mtu wa utawala, mafundi wapo. Kiti anapewa mhasibu anayeaminika, au afisa ugavi aliyezoea kukaa na bodi. Hoja ni kwamba mkuu wa utawala hospitalini hashiki kisu cha upasuaji, hivyo msimamizi wa mafundi wa kompyuta naye hana haja ya kujua msimbo, yaani maandishi yanayounda programu.

Hoja hiyo si ya kudharau. Mwaka 2002 waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walijaribu kuwaondoa mameneja kati yao na wahandisi. Jaribio lilidumu miezi michache tu, maana watu walianza kumpelekea Page mwenyewe madai ya matumizi na ugomvi wa kazini. Kusikiliza, kugawa kazi, kuizuia bodi isibadilishe mahitaji kila Ijumaa: hizo ni kazi kamili, na fundi hazipati kwa sababu tu anaandika programu vizuri. Tena kumpandisha fundi hodari kunaweza kuleta hasara mbili kwa mpigo. Timu inapoteza mikono yake bora, na inapata bosi anayekesha akiandika upya kazi za wenzake kwa kuwa hazikufanana na zake. Kwenye timu ya watu wanne, huyo mmoja ni robo ya nguvu yote. Halafu kuna ujuzi wa biashara yenyewe. Meneja anayejua kwamba robota (furushi la tumbaku) lililokataliwa leo linaweza kupangwa upya na kurudi mezani siku nyingine na gredi tofauti ataukinga mfumo na kosa ambalo mhandisi asiyewahi kufika kituo cha kununulia hataliwaza.

Upande huo pia una takwimu yake inayopendwa, na hapo ndipo ninapotaka tutulie. Katika utafiti ambao Google iliuita Oxygen, matokeo yake yakajulikana hadharani mwaka 2011, zilitajwa tabia nane za meneja bora. Ujuzi wa kiufundi ulishika nafasi ya nane. Ya mwisho! Tangu hapo namba hiyo imegeuzwa ushahidi kwamba ujuzi huo hauhitajiki.

Lakini waliopimwa walikuwa nani? Walikuwa mameneja wa Google, kampuni ambako wanaoongoza wahandisi kwa kawaida wametoka kwenye uhandisi wenyewe. Chukua wateuzi hamsini wa tumbaku, wale wanaoipa gredi sokoni, uwapange kuanzia anayesifiwa zaidi na wakulima, kisha utafute kinachowatofautisha. Utakuta ni kauli nzuri, uvumilivu, na haki wakati wa kubishana mezani. Uwezo wa macho kutenganisha rangi ya limau na ya chungwa utaonekana hauna uzito, kwa sababu wote wanao. Asiyekuwa nao hakufika mezani. Kipimo hicho hakikuruhusu kumpa kazi asiyeona rangi. Kinakwambia tu ni nini cha kutafuta baada ya macho kuthibitishwa. Orodha ya Google ilipoongezwa baadaye ikawa na tabia kumi, ujuzi wa kiufundi ulibaki humo, na umetajwa kwa sababu yake: ili meneja aweze kuishauri timu.

Upo pia utafiti wa Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald uliohusu wafanyakazi wapatao 35,000 wa Marekani na Uingereza, wa fani mbalimbali. Waliona kwamba uwezo wa bosi katika kazi yenyewe unahusiana kwa nguvu sana na kuridhika kwa walio chini yake. Kimojawapo cha vipimo kilikuwa hiki: je, bosi angeweza kuifanya kazi yako ikibidi? Utafiti huo unapima kuridhika, haupimi kama programu inafanya kazi sawasawa. Kwa hilo la pili, tushuke mezani.

Karani yuko kituo cha kununulia. Anaingiza uzito na gredi ya robota, anabonyeza Hifadhi. Ombi linafika kwenye seva, kompyuta kuu ya mfumo, na kuandikwa kwenye kanzidata, ghala la kumbukumbu zake, ila mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Kwenye simu kiduara kinazunguka. Anasubiri nusu dakika, anabonyeza tena. Mfumo uliotengenezwa bila uangalifu unaandika robota la pili ambalo halipo, na mkulima anaonekana ameuza mara mbili. Dawa inajulikana: simu iunde namba ya kipekee ya muamala kabla ya kutuma chochote, irudie namba ileile kila inapotuma tena, na kanzidata iwekewe sharti la kukataa namba iliyokwisha kuingia. Ikipangwa mwanzoni ni kazi ya siku chache. Ikigunduliwa katikati ya msimu wa masoko, inabidi kupekua kila ingizo, kulilinganisha na stakabadhi za karatasi, na kumweleza mkulima ambaye mkopo wa pembejeo umekwisha kukatwa kwenye hesabu isiyo sahihi. Huyo ndiye anayelipia kiti kilichogawiwa haraka kikaoni.

Ofisini, penye Wi-Fi ya kuaminika, mfumo mzuri na mbovu havitofautiani hata kidogo. Msimamizi asiyejua anaonyeshwa skrini, anaridhika, anasaini. Anayejua anaichukua simu, anabonyeza Hifadhi na papo hapo anaiweka hali ya ndege, anasubiri, anarudisha mtandao, anabonyeza tena. Anarudia mara kumi, kwa kuwa mara nyingine ombi litakuwa halijatoka, kisha anaomba kuona kwenye kanzidata yameingia maingizo mangapi. Ataridhika yakiwa kumi kamili. Atauliza pia fedha zinahifadhiwa kwa aina gani ya namba. Tumbaku ikiuzwa kwa dola na senti, namba za desimali za kawaida za kompyuta zikijumlisha 0.1 na 0.2 zinatoa 0.30000000000000004, tofauti ndogo inayojilimbikiza mpaka jumla ya chama haifanani na jumla ya mnunuzi. Senti zihifadhiwe kama namba kamili, au itumike aina ya desimali iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha. Na kuhusu bakapu, nakala ya akiba ya data, hatauliza kama ipo. Ataomba irudishwe kwenye mashine nyingine mbele yake, kisha jumla za pande zote mbili zilinganishwe.

Mtu atasema hayo ni ya fundi mkuu. Kweli, kwenye kampuni kubwa yenye fundi mkuu, wapimaji, na wakaguzi wa msimbo, meneja anaweza kuegemea kwao. Timu za Tabora na Kigoma mara nyingi hazina tabaka hilo. Zina vijana wanne, wawili wametoka chuoni majuzi, na jicho pekee lililobaki ni la meneja. Ndiyo maana naona ushauri ulioandikwa kwa ajili ya makampuni ya watu maelfu unatuumiza huku unapobebwa mzimamzima.

Makadirio ya muda nayo yana ugumu wake. Kijana akisema "wiki mbili", asiyejua ana njia mbili tu: kukubali au kubana. Anayejua atauliza je, wiki hizo zina majaribio ndani yake? Zina kuhamisha data za msimu uliopita kutoka kwenye Excel, ambako jina la mkulima mmoja limeandikwa kwa tahajia tatu? Mradi ukichelewa, asiyejua huongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Hesabu inaonyesha sababu mojawapo: watu wanne wana njia sita za kuelewana wawili wawili, watu sita wana njia 15. Na wale wapya hufundishwa na nani, kama si walewale walioelemewa?

Ujuzi ninaoudai una mpaka. Meneja si lazima ajue lugha mpya ya mwaka huu, wala asiandike sehemu ambayo wengine wanaisubiri, kwa sababu vikao vitamvuta na kazi itakwama kwake. Awe amewahi kujenga mfumo ukatumiwa na watu, ukaharibika, akautengeneza. Kwenye usaili usimpe mtihani wa msimbo. Mpe kisa cha robota lililoingia mara mbili, umsikilize ataanza kutazama wapi.

Na kwa chama kilichokwisha kumpa kiti mhasibu mwema, hakuna haja ya kumwondoa. Fundi mwenye uzoefu zaidi apewe, kwa maandishi yaliyosainiwa na bodi, mamlaka ya kuzuia toleo jipya la programu lisiende kwa makarani. Mhasibu ajifunze SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, ya kusoma tu: SELECT (kuchagua), COUNT (kuhesabu), SUM (kujumlisha) na GROUP BY (kupanga kwa makundi), kwa akaunti isiyoweza kufuta wala kubadilisha kitu. Mtu anayeishi na hesabu atayamudu hayo. Kila jioni ya soko ahesabu mwenyewe marobota na kilo za kila mkulima, alinganishe na stakabadhi, na likizidi hata robota moja, malipo ya siku hiyo yasimame mpaka ijulikane limeingiaje.