Nyonga ya mtoto, ganzi ya neva na usiku wa kwanza

Mzazi aliyewahi kutandika kitenge kando ya kitanda cha mtoto, katika wodi ya upasuaji Lubumbashi, anaujua usiku wa kwanza. Mfupa wa nyonga umekatwa, plasta imefungwa kutoka tumboni hadi mguuni, na mtoto hawezi hata kujigeuza. Je, apigwe sindano ya ganzi ya neva akiwa bado usingizini, au ategemee morfini akiamka?

Wanaoiogopa ganzi hawakosei. Plasta ikibana au misuli ikivimba ndani, maumivu ndiyo hupiga mbiu. Mguu uliokufa ganzi unaweza kunyamaza. Tena bupivakaini, dawa yenyewe ya ganzi, haipaswi kuzidi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mtoto. Ikiingia kwenye damu huleta degedege, hata kusimamisha moyo, na mafuta ya lipidi ya asilimia 20 ya kumwokoa lazima yawe chumbani kabla sindano haijachomwa. Isitoshe, nyonga hupokea matawi ya neva kadhaa: femorali, obturata, siatiki. Sindano ya kinenani peke yake huacha maumivu mengine.

Hata hivyo naegemea ganzi, na sababu yangu ni wodi yenyewe. Morfini hupunguza pumzi. Inataka mtu wa kuzihesabu usiku kucha. Muuguzi mmoja, vitanda tele, umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, umekatika: atamhesabia nani? Kwa hofu hiyo anampa mtoto kidogo mno, naye analia hadi alfajiri. Kwa watoto SS, yaani wenye selimundu, mambo ni mazito zaidi. Ugonjwa huo wa damu huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja, ndiyo maana baadhi yao hufika kwa mpasuaji wa mifupa. Na oksijeni ikishuka, chembe zao za damu hujipinda. Ganzi inayopitishwa chini kabisa ya uti wa mgongo inawafaa hasa wadogo, haileweshi, na mkono uliozoea huipata bila mashine ya kuona ndani.

Lakini sindano moja ya namna hiyo hudumu saa 4 hadi 6 hivi, kisha maumivu hurudi giza likiwa limeingia. Parasetamoli, miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, ianze ganzi ikiwa bado inafanya kazi. Mama naye aonyeshwe kutazama vidole vya mguu: vikipauka au vikiwa baridi, aite muuguzi. Na mtoto akilia kwa maumivu makali wakati ganzi ingali na nguvu, plasta ikaguliwe mara moja, asiambiwe anadeka.