Luteni na Tangi la Majitaka

Historia ya vita vya chini ya bahari imeandikwa zaidi na watu waliokwenda haja zao nchi kavu, na ndiyo maana vitabu vyake vimejaa torpido, periskopu na majina ya makamanda, ilhali choo hakitajwi. Mimi, mzaliwa wa Tanga niliyehamia Marekani, nikapata uraia na kutumikia katika nyambizi za Jeshi la Wanamaji la huko, naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa sababu ipo nyambizi nzima iliyopotea kwa ajili ya choo.

Naizungumzia U-1206 ya Ujerumani. Nyambizi nyingi za wakati ule zilitumia choo zikiwa karibu na uso wa bahari tu, lakini hii ilipewa choo kipya kilichoweza kushindana na shinikizo la maji ya kina kirefu, chenye valvu nyingi kiasi kwamba ilibidi awepo mtu aliyefunzwa kukitumia. Tarehe 14 Aprili 1945, karibu na Peterhead huko Uskoti, choo hicho kilikorofisha, maji ya bahari yakamiminika hadi kwenye betri, betri zikatoa gesi ya sumu ya klorini, na kamanda Karl-Adolf Schlitt akalazimika kuibukia juu, ambako alishambuliwa kwa ndege. Watu kadhaa walifariki, waliobaki wakatekwa, na nyambizi ikaachwa izame. Masimulizi yanayopendwa zaidi hudai kwamba aliyekuwa chooni ni kamanda mwenyewe. Yeye alieleza kwamba wakati huo alikuwa upande wa injini. Ningekuwa mimi, ningeeleza hivyo hivyo.

Wamarekani nao hawana haki ya kucheka. Mnamo Juni 1942 James Coe, kamanda wa nyambizi Skipjack, aliwaandikia maofisa wa ugavi wa Mare Island, California, akilalamika kwamba roli 150 za karatasi za chooni alizoagiza Julai 1941 hazijafika, na kwamba hati ya agizo lake ilirudishwa ikiwa na maelezo kuwa bidhaa hiyo haitambuliki. Aliambatisha kipande cha karatasi yenyewe ili waione, akaongeza kwa adabu zote kwamba kwa sasa mabaharia wake wanajisaidia kwa makaratasi ya urasimu yanayoletwa kila siku kutoka ofisini. Barua hiyo naiheshimu kuliko hotuba nyingi za majenerali.

Sasa niingie katika yaliyonifika. Nyambizi yangu ilikuwa ya aina ya Los Angeles, yenye urefu wa mita 110, mtambo wa nyuklia, na watu zaidi ya 100 waliokula, kulala na kujisaidia humo bila kuona jua kwa wiki nyingi. Chini ya kila sinki la choo palikuwa na valvu pana iliyofunguliwa kwa mkono mrefu wa chuma. Ukiuvuta, mzigo hutumbukia kwenye tangi la majitaka. Tangi likijaa, halifunguki tu likajimwaga baharini, kwa kuwa kila mita 10 za kina huongeza takriban kilo 1 ya shinikizo kwa kila sentimita ya mraba, na bahari ingeingia badala ya uchafu kutoka. Kwa hiyo tangi hushindiliwa hewa hadi lizidi nguvu ya bahari, ndipo uchafu husukumwa nje. Wakati huo ole wake atakayeuvuta ule mkono.

Nilikuwa bado mgeni nisiye na beji ya pomboo, ambayo haitolewi mpaka uujue kila mfumo wa chombo, tangu mtambo hadi majitaka, na wajuzi wakutilie saini mmoja mmoja kwenye kadi yako. Chifu wetu, yaani mkubwa wa mabaharia wasio maofisa, ambaye hakutia saini ya mtu kwa huruma, alinituma nitundike vibao vya onyo kwenye milango ya vyoo vyote kisha nisimame kwenye ujia nizuie watu. Akaja luteni mmoja aliyetoka zamu, macho yamefumba nusu, taulo begani.

"Afande, vyoo vimefungwa, tunasukuma majitaka."

"Dakika moja tu, kijana."

Akakisogeza kibao kama mtu anayefungua pazia la sebuleni kwake, akaingia, akafunga mlango. Sijui kanuni ya jeshi inayomruhusu baharia mpya kumkamata ofisa mkono akielekea haja, nami sikuwa na muda wa kuitafuta. Nilisikia mkono wa chuma ukilia kii, kisha mngurumo ambao hata mtu wa sona, anayesikiliza sauti za baharini, angeuandika kitabuni, kisha kimya kirefu mno.

Mlango ulipofunguliwa, nilimtambua kwa meno. Mambo yalikuwa yamefika darini, yakawa yanarudi tone kwa tone. Kibao alikuwa nacho mkononi, akakitazama, akanitazama, akauliza kwa utulivu wa kiofisa, "Nani alikitundika mahali pasipoonekana?"

Ubaya wa nyambizi ni kwamba hakuna dirisha. Hewa ni ile ile inayozungushwa na feni kutoka chumba hadi chumba, kwa hiyo habari zilifika chumba cha torpido kabla ya mtu yeyote kuzitangaza. Luteni aliruhusiwa kuoga bila kuhesabiwa maji, heshima ambayo hata kamanda hakuwa nayo, na walioamka kwa zamu iliyofuata wakakuta maji ya kuoga yamezuiwa.

Chifu alikuja, akaangalia dari, akaniomba kadi yangu, na bila kuniuliza swali hata moja akatia saini kwenye mstari wa mfumo wa majitaka. Jioni ile mpishi, aliyekuwa ameanza kazi tangu asubuhi na hakushauriwa na mtu, aliandaa pudini ya chokoleti. Ilirudi jikoni yote, isipokuwa mabakuli mawili aliyokula chifu, taratibu, akiwa ameketi mkabala na luteni.