Sikuwa naoga, nilikuwa napima taa

Tuanze na hili: sikuwa naoga. Ile stika inayozunguka kwenye magrupu, mimi kifua wazi, uso wa bluu, tundu za pua zimejaa skrini nzima, ameitengeneza katibu wa kamati ya harusi kwa mikono yake, na chini akaandika "Ahadi inaoga", maana mchango wa harusi niliouahidi nilikuwa sijaumaliza. Mnaoicheka mmesikia upande wake tu. Sasa sikieni wangu, naandika na plasta kidoleni.

Mnaonifuata mnalijua tangi langu la samaki la huku Leicester, Uingereza. Maji ya chumvi, lita 60, kina sentimita 40, matumbawe machache ya kuanzia. Taa ya mwanzo ilikuwa nyeupe ya kelvini 6,500, ile ya matangi yenye mimea ya majini. Ikanioteshea mwani wa kijani kwenye vioo mpaka basi, matumbawe yenyewe yakazidi kunywea. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimwani vidogo vinavyolilisha, na vijimwani hivyo hufaidi zaidi mwanga wa bluu, nanomita 420 hadi 480. Nikanunua LED ya bluu yenye mkono wa kubana kwenye kioo. Pauni 140. Bei hiyo ikumbukeni.

Shida ya taa ya bluu ni kwamba jicho halijui imezidi au imepungua. Kinachotakiwa ni kipimo cha PAR, yaani mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Matumbawe ya uyoga yanatosheka na 50 hadi 80. Ya nyundo, 80 hadi 150. Acropora, yale ya matawi, zinataka 250 kwenda juu, na kama ndiyo kwanza unaanza, ziache dukani. Kipimo chenyewe ghali, ingawa maduka mengine hukikodisha. Mimi na ubahili wangu nikapakua programu ya simu inayopima laksi.

(Msinifuate bila kusoma hapa. Laksi hupima mwanga kwa jicho la binadamu, na jicho la binadamu halioni bluu vizuri. Chini ya jua unagawanya laksi kwa 54 unakaribia PAR. Chini ya taa ya bluu namba inatoka ndogo kuliko ukweli, unadhani taa dhaifu, unaipandisha hadi mwisho, matumbawe yanapauka. Simu ilinganishe kona na kona tu.)

Basi. Simu nikaitia kwenye mifuko miwili ya friza, hewa nikaikamua yote ili isielee, juu yake nikaweka kijiwe kutoka mle mle tangini. Sarafu msitumie, shaba inaua matumbawe. Shati nikavua, maana maji yanafika kwapani na marashi ya kwapa hayatakiwi mle. Kikoi kiunoni. Na kwa kuwa kihisio cha mwanga kiko upande wa skrini, simu lazima ilale chali. Upande huo huo ndiko iliko kamera ya mbele. Mmeanza kuona?

Nimeinama, pua karibu na maji, nasoma namba. Pampu inatikisa uso wa maji, namba zinacheza, nasubiri zitulie. Simu ikaanza kutetemeka mchangani. Kamati ya harusi, Tanga, video.

Nikasema itakata yenyewe. Lakini plastiki iliyokamuliwa hewa inagandamana na skrini, na maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo simu inahisi vidole kila mahali. Nikaona kile kiduara cha kijani cha kupokelea kinasogea juu. Polepole. Peke yake. Hakuna aliyekigusa.

Wakatokea. Nyuso za kamati nzima chini ya maji, zinanitazama juu, na pembeni kidirisha kidogo chenye kidevu changu. Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikainama zaidi nione kama kweli wananiona. Kwao, uso wa bluu ukawa unakua. Sauti ikaja kwa mbali, inabubujika: "Inna lillahi!" Huyo shangazi, mama wa bwana harusi. Kisha mzee mmoja, taratibu kabisa: "Mbona kama sisi ndio tumezama?"

Nikatumbukiza mkono nikate simu. Yule samaki wangu wa rangi ya chungwa ana mistari myeupe na roho ya mgambo. Simu ilikuwa imelala kwenye eneo lake. Akaning'ata kwenye kiungo cha kidole, nikapiga ukelele, kiwiko kikagonga mkono wa taa, taa ikageuka ikamulika chumba kizima, na hapo shangazi akapata nguvu: "Baba wee! Si ulisema huna kitu? Na hilo litaa la bei gani?"

Yaliyobaki ni maji kwenye zulia. Waya wa taa niliuachia ulegee chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda, kwa hiyo matone yalidondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Simu nzima. Heshima hapana.

Mnaoniandikia pembeni mkiuliza mipangilio: taa sentimita 25 juu ya maji, bluu asilimia 40, nyeupe 10, saa 8 kwa siku. Kila wiki ongeza asilimia 5, nyundo ikijikunja shusha. Nyundo nimeiweka chini katikati, uyoga kona yenye kivuli. Na ukizamisha simu, zima mtandao kwanza.

Salio la ahadi nimelituma, risiti iko kwenye grupu. Katibu, futa hiyo stika.